Mtoto Asiyetulia Madrasa: Kabla ya Fimbo, Mpe Mchezo Unaomfikirisha



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zangu wa Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, na nyote mnaofuatilia darasa hizi kutoka mikoa mingine na nje ya nchi. Leo naomba mnisomee hadi mwisho. Nazungumza na baba, mama na ustadhi wa madrasa kuhusu mtoto mmoja ambaye karibu kila madrasa inaye.

Unamjua. Ni yule anayekaa kwenye mkeka kwa dakika mbili, ya tatu kashasimama. Ukimwambia alete msahafu, anafika kabatini anakutana na mjusi ukutani, msahafu umesahaulika. Anajibu swali kabla hujalimaliza. Anamsukuma mwenzake, anacheka peke yake, anapoteza kalamu kila siku. Aya ya jana leo hana, ila goli lililofungwa mwezi uliopita analisimulia lote na jina la mfungaji. Mwaka wa tatu huu yuko juzuu amma, na wadogo zake wameshampita.

Na wewe unajua tunamwitaje. Mtukutu. Mtundu. Sikio la kufa. Wengine wanasema ana jini, wengine wanasema mama yake kamdekeza. Kisha inafuata fimbo. Fimbo ikishindwa, anafukuzwa au anaacha mwenyewe. Akishaacha, mitaa ya Makanyagio na Kawajense haina uhaba wa vijiwe vya kumpokea, na machimbo ya dhahabu hayamuulizi mtoto umri wake wala juzuu aliyofikia.

Ndugu zangu, hatari iko hapo. Kupitwa na wenzake kwenye juzuu si tatizo kubwa. Tatizo ni mtoto kujifunza akiwa na miaka 9 kwamba nyumba ya Qur'ani si mahali pa mtu kama yeye.

Msimamo wangu leo ni huu: mtoto wa namna hii hatulizwi kwa kulazimishwa kukaa. Anasaidiwa kwa kupewa harakati, na harakati yenyewe iwe ya kumfikirisha, si ya kumchosha tu. Na mchezo huo uingie kwenye ratiba ya madrasa zetu, kabla ya somo, kama tunavyoweka udhu kabla ya swala. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza namna ya kufanya.

KWANZA: TUIJUE HALI YENYEWE

Madaktari wanaiita ADHD. Kwa lugha yetu ni upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopita kiasi na kutenda kabla ya kufikiri. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinakadiria kuwa karibu watoto 5 katika kila 100 wanayo. Piga hesabu mwenyewe: madrasa yenye watoto 60 inaweza kuwa na watatu.

Si kila mtoto mchangamfu ana ADHD. Madaktari wanaangalia mambo kadhaa. Dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6. Ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Zionekane sehemu zaidi ya moja, yaani nyumbani na shuleni, au shuleni na madrasa. Na ziwe zinamharibia maisha yake kweli kweli. Mtoto anayesumbua kwa ustadhi mmoja tu na kwingine kote yuko sawa, huyo pengine tatizo liko kwa ustadhi.

Na wapo wasiosumbua mtu. Hasa mabinti. Anakaa kimya kwenye kona, macho kwenye kitabu, akili iko mbali. Haruki wala hapigi kelele, kwa hiyo hakuna anayemuona. Anaambiwa ni mzito au ni mvivu, naye anaamini hivyo mpaka anaolewa.

Sasa tatizo liko wapi? Chukua mfano tunaouona kila siku kwenye barabara zetu. Baiskeli imebeba magunia mawili ya mkaa, inateremka kilima, na breki zake zimelegea. Mwendo upo na nguvu ipo. Kinachokosekana ni kile cha kusema "ngoja". Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayofanya kazi ya breki: kujizuia, kushika maagizo akilini mpaka uyatekeleze, na kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine bila kupotea.

Mwaka 2007 mtafiti Philip Shaw na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupiga picha za ubongo wa watoto, 223 wenye ADHD na 223 wasiokuwa nayo. Walikuta ubongo wa wenye ADHD unakua kwa mpangilio ule ule, ila unachelewa. Kiwango ambacho wenzao walikifikia wastani wakiwa na miaka 7 na nusu, wao walikifikia wakiwa na miaka 10 na nusu. Ni tofauti ya miaka mitatu. Na sehemu zilizochelewa zaidi ndizo zile za mbele, za breki.

Fikiri juu ya hilo, ewe ustadhi. Unayemchapa kwa sababu ana miaka 10 na hatulii kama wa miaka 10, huenda breki alizonazo ni za mtoto wa miaka 7. Unamdai deni ambalo muda wake wa kulipa haujafika.

PILI: TUSIHARAKISHE KUSEMA NI JINI

Sisi Waislamu tunaamini majini yapo, na kumsomea mtoto dua ni jambo la kheri. Msomee, tena msomee kila usiku akilala. Lakini kuamini kwamba majini yapo ni jambo moja, na kumtangazia mtoto mbele ya watu kwamba analo ni jambo jingine linalohitaji ushahidi. Kutotulia peke yake si ushahidi. Mtoto akishaitwa "mwenye jini" mtaani, jina hilo halifutiki kwa sabuni.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na dawa yake, na hadithi hiyo iko kwa Bukhari. Kwa hiyo dua na tiba vinakwenda pamoja.

TATU: HADITHI YA MIAKA 7 NA 10

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwenye maoni: "Shehe, mbona Mtume ameruhusu mtoto apigwe akifika miaka 10?" Tuisome hadithi hiyo vizuri, maana imebebeshwa mizigo isiyo yake.

Hadithi ile inahusu swala. Inataka mtoto aamrishwe kuswali akiwa na miaka 7. Kati ya 7 na 10 kuna nini? Kuna miaka mitatu ya kuelekeza bila fimbo. Swala tano kwa siku, miaka mitatu ya Kiislamu, ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto kwa upole. Nani kati yetu amemwita mwanawe mara 5,000 kwa upole kabla ya kunyoosha mkono? Na wanachuoni wakaweka mipaka mizito juu ya adabu hiyo: isiumize, isiache alama, isiwe usoni, isiwe ya hasira, na iachwe kabisa ikijulikana kwamba haifai kitu. Hadithi hii haikusema lolote juu ya mtoto wa miaka 6 aliyesahau herufi. Haikusema lolote juu ya mtoto ambaye mwili wake haumtii.

Kalamu ya dhambi imenyanyuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Malaika hawamwandikii, sisi tunamwandikia mgongoni.

Kisha mwangalie Mtume mwenyewe. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia miaka kumi, na anasimulia kwamba hakuwahi kumsikia akimguna wala kumkaripia kwa alilofanya au aliloacha. Tena Anas alikuwa mtoto kama watoto wengine. Imam Muslim amepokea kisa chake: alitumwa na Mtume kwenda mahali, akakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama nao. Mtume (s.a.w.) akaja kwa nyuma akamshika shingoni. Anas anageuka, anamkuta Mtume anacheka! Akamwita kwa jina la kubembeleza, akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kwamba anakwenda sasa hivi.

Angalia mambo mawili hapo. Mtume alimfuata mtoto pale alipo, akamshika, kisha akamkumbusha kazi kwa neno moja. Hakumpigia kelele kutoka mbali. Wataalamu wa leo wanawafundisha wazazi wa watoto wenye ADHD jambo lile lile: msogelee, mguse begani, mpe agizo moja fupi.

NNE: KUMCHOSHA SIYO KUMFUNZA

Sasa tuje kwenye mazoezi. Wazazi wengi wanasema: "Shehe, wangu anachota maji madumu manne, anachunga ng'ombe kutwa nzima, lakini akirudi ni yule yule." Ni kweli. Kazi hizo zinachosha misuli, na kutembea kuna faida yake, lakini breki ya akilini haijaguswa sana.

Kuna harakati za mwili peke yake, na kuna harakati zinazoudai mwili na akili kwa wakati mmoja. Kuzunguka uwanja mara kumi, baada ya mzunguko wa pili akili imeshalala. Lakini mchezo ambao lazima uangalie, ukumbuke kanuni, ujizuie usitoke kabla ya wakati, na ubadilike mpinzani akibadilika, huo unaitumia breki ile ile iliyo dhaifu. Kiungo kinachotumika ndicho kinachoimarika.

Haya si maneno yangu tu. Mwaka 2013 Matthew Pontifex na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watoto 40 wa miaka 8 hadi 10, nusu yao wana ADHD. Dakika 20 tu za kutembea kwa kasi kwenye mashine, ukilinganisha na dakika 20 za kukaa na kusoma, ziliwafanya wajizuie vizuri zaidi na wapate alama bora kwenye kusoma na hesabu mara baada ya hapo. Na hiyo ni harakati ya kawaida.

Nchini Taiwan, Chien-Yu Pan na wenzake walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kuwafundisha wavulana wenye ADHD mpira wa meza kwa wiki 12. Mpira wa meza hauna nafasi ya kuota ndoto, maana kila sekunde unaamua. Watoto wale waliendelea vizuri katika wepesi wa viungo na katika kazi zile za breki za ubongo.

Na mwaka 2004 Kimberley Lakes na William Hoyt walichapisha utafiti wa watoto wa shule waliofundishwa taekwondo kwa miezi mitatu badala ya vipindi vya kawaida vya michezo. Watoto wale hawakuchaguliwa kwa kuwa na ADHD, lakini walioshika taekwondo waliwazidi wenzao katika kujitawala.

Nisikudanganye. Tafiti nyingi za mambo haya ni za watoto wachache, na faida inayopatikana ni ya kadiri. Mazoezi hayaondoi ADHD. Yanamfungulia mtoto mlango wa kusikiliza, na wewe mwalimu uingie upesi kabla haujajifunga.

TANO: SUNNA HAIJAUKATAA MCHEZO

Kuna ndugu wataniambia michezo ni upuuzi unaomshughulisha mja na dhikri. Upo upuuzi wa namna hiyo, sikatai. Lakini Nasai amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) mambo manne ambayo hayahesabiwi kuwa ni mchezo wa bure: kutembea kati ya shabaha mbili za mishale, kumfunza farasi, kucheza na ahli yako, na kujifunza kuogelea. Ziangalie: kulenga shabaha, kumwongoza mnyama, kuogelea. Yote ni mambo ambayo mwili haufanyi bila akili kuwepo.

Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale. Akawahimiza, akajiunga na upande mmoja. Upande wa pili ukasita kurusha, vipi washindane na kundi la Mtume? Akawaambia waendelee, yeye yuko pamoja nao wote. Na katika Musnad ya Imam Ahmad, ingawa wanachuoni wameizungumza sanadi yake, imekuja kwamba aliwapanga mstari watoto wa ami yake Abbas na kuwaahidi zawadi atakayemfikia kwanza. Wakakimbia, wakamwangukia kifuani na mgongoni, naye akawakumbatia na kuwabusu.

Na yule mjukuu wake aliyempanda mgongoni akiwa sijda? Akairefusha sijda mpaka maswahaba wakadhani kuna jambo limetokea. Alichukia kumharakisha mtoto kabla hajamaliza haja yake. Nasai amepokea hilo pia. Msikiti wa Mtume uliweza kumbeba mtoto anayepanda. Madrasa ya bati ya kwetu inashindwa nini?

SITA: MICHEZO YETU INATOSHA

Huhitaji mashine wala mpira wa meza kutoka dukani. Allah ametupa michezo ambayo bibi zetu waliicheza na simu zinaiua.

Mdako. Shimo dogo, kete za mawe. Unarusha moja juu, unazoa zilizomo shimoni, unaidaka kabla haijaanguka, kisha unarudisha zote isipokuwa moja. Macho, mkono na hesabu vyote kazini. Unafaa sana kwa yule binti mkimya anayeota ndoto.

Rede. Wawili wanarusha mpira wa matambara, wa katikati anakwepa huku anajaza chupa mchanga. Akisahau mpira anapigwa, akisahau chupa hashindi. Ni somo zima la kushika mambo mawili akilini.

Kombolela. Kujificha, kunyamaza, kusubiri, kisha kuchagua sekunde ya kutoka kuwakomboa wenzako. Mtoto asiyeweza kungoja anajifunza kungoja kwa hiari yake, kwa sababu anataka kushinda.

Kuruka kamba kwa kanuni. Kila mruko atamke herufi ya alfabeti ya Kiarabu, au ahesabu kwa kurudi nyuma kutoka 30, au aruke herufi moja atamke inayofuata. Herufi na hesabu tu. Aya za Qur'ani tuziheshimu, zisomwe kwa utulivu wakati wake.

Amri ya kinyume. Ustadhi akisema "mbele" watoto warudi nyuma, akisema "kaa" wasimame. Kila baada ya muda kanuni ibadilike. Utacheka nao, na utaona ni nani breki zake zinahitaji msaada.

Chandimu. Lakini wanne kwa wanne, siyo kumi na mmoja. Timu ikiwa kubwa, mtoto huyu anawekwa golini au pembeni na anaanza kuokota majani. Wakiwa wachache mpira unamfikia kila dakika.

Kwa walio Ikola na Karema, kuogelea ni neema iliyo mlangoni. Ila ziwa lina mawimbi na mamba, na mtoto mwenye ADHD anajitupa kabla ya kupima kina. Asiingie majini bila mtu mzima anayejua kuogelea kuwa naye, mahali panapojulikana kuwa salama.

Na vijana? Kijana wa miaka 15 hutamwambia acheze mdako. Huyo mtafutie karate au taekwondo ikiwa ipo karibu. Ongea na mwalimu mapema kuhusu kuinama kama rukuu mbele ya mtu, kwani sisi hatufanyi hivyo, walimu wengi wanaelewa na wanakubali salamu nyingine. Au mpe uamuzi wa mechi za wadogo: refa lazima aangalie, akumbuke na azuie hasira yake. Mpe kazi yenye hatua na harakati, kama kufundi baiskeli. Usimpe bodaboda akiwa bado mdogo. Watoto na vijana wenye ADHD wanapata ajali zaidi ya wenzao, na barabara haina juzuu ya kurudia.

Mipaka ya sheria tuichunge. Isiwepo kamari hata ya kopo la soda. Swala isipitwe. Stara ihifadhiwe, mabinti wakubwa wawe na uwanja wao wenye ukuta. Matusi na kuumizana hapana.

SABA: RATIBA YA MADRASA, WIKI NNE TU

Ewe ustadhi, nakuomba jaribio la wiki nne.

1. Watoto wanakuja baada ya Alasiri wametoka shule, wamekaa kutwa kwenye madawati. Usianze kwa kuwakalisha tena. Anza na dakika 20 za mchezo mmoja kati ya hiyo, watoto wote pamoja. Usimtoe yule mmoja peke yake, ukamtia aibu.

2. Baada ya mchezo wanywe maji, watie udhu, wakae. Hapo ndipo msomeshe yule mgumu, awe wa kwanza. Usimweke mwisho baada ya saa nzima ya kungoja.

3. Mpe mstari mmoja, siyo ukurasa. Akiupata, mtume kitu: achote maji ya udhu, agawe misahafu, aite wenzake. Kisha mstari wa pili.

4. Akaribie kwako, mbali na mlango na dirisha. Akitaka kusoma amesimama, mwache asome amesimama.

5. Msifu papo hapo kwa jambo dogo alilolifanya. Sifa ya kesho kwake imeshachelewa.

6. Weka daftari. Andika mistari aliyohifadhi kila siku na mara ulizolazimika kumkemea. Baada ya wiki nne linganisha na mwezi uliopita. Usiniamini mimi, liamini daftari lako.

Na nyumbani, mzazi, Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za harakati kwa siku. Dakika 20 za madrasa ni theluthi yake. Zilizobaki ni zako. Simu si mchezo, hata kama kwenye kioo watu wanakimbia.

NANE: HOSPITALI IPO PALE PALE

Kabla ya kusema ni ADHD, apimwe masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anaitwa mkaidi. Apimwe macho. Muulizwe kama ana vipindi vya kukodoa macho na kupotea kwa sekunde chache, maana kuna kifafa cha namna hiyo kisicho na kuanguka. Angaliwe usingizi, njaa, upungufu wa damu, na msiba au ugomvi wa nyumbani. Mtoto mwenye njaa hatulii, na dawa yake ni uji.

Anzia kituo cha afya, uombe rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Ikibidi, ziko hospitali zenye wataalamu wa afya ya akili kama Mirembe Dodoma, Bugando Mwanza na Muhimbili Dar es Salaam. Najua kutoka Mpanda hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,000 na nauli si mchezo. Ndiyo maana nasisitiza lile tunaloweza kulianza leo bila nauli. Lakini daktari akimwandikia dawa, usimwachishe kwa sababu umesoma darasa langu. Mchezo hauchukui nafasi ya dawa, na dawa haichukui nafasi ya malezi.

MWISHO

Kuna atakayesema: "Sisi tulichapwa na tukahifadhi." Alhamdulillah kwa waliohifadhi. Lakini hao ndio waliobaki. Wale waliokimbia hawapo leo kwenye halaka kutoa ushahidi. Waulizeni wenzenu wa rika lenu wasioingia msikitini, wengine watawaambia siku waliyotoka madrasa na sababu yake.

Mkoa wetu una wafugaji wengi, nao wanajua: ng'ombe mmoja akipotea, mchungaji halali. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tutaulizwa juu ya mtoto huyu pia, yule aliyekuwa anakimbia kimbia. Hatutaulizwa alifika juzuu ya ngapi. Tutaulizwa tulimfanyia nini.

Ewe Allah, waponye watoto wetu, wafungulie vifua vyao, na utupe sisi wazazi na walimu subira na hikma. Aamiin.

Mpelekee ujumbe huu ustadhi wa mtaa wako, na mzazi mmoja unayejua mwanawe ameacha madrasa. Mwambie kesho Alasiri amrudishe. Amkute ustadhi ameshika kamba ya kuruka, si fimbo.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.